Mguu wa Kulia wa Bi Somoe

Siku ya kuniaga mlinipa kipaza sauti, nikasema asanteni sana, nikakirudisha. Wengine mlidhani nimezidiwa na uchungu wa kuachana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona masinia ya pilau yakiingia, na katika miaka yote ya kazi sijaona mtu anayesikiliza hotuba huku pilau inapoa. Sasa nimestaafu, nina meza, nina kalamu, na mke wangu ameniomba nitafute shughuli iliyo mbali na jiko lake. Kwa hiyo nayaandika hapa yale ambayo ningeyasema siku ile.

Vyeo sitavigusa. Viko kwenye jalada langu, na jalada mnajua lilipo. Mishahara nayo mnaifahamu, maana ndiyo hiyo hiyo mnayoilalamikia. Nitaandika juu ya kliniki yetu ya sukari na presha, na zaidi juu ya mguu mmoja.

Nilizaliwa Masasi, chini ya yale majabali, katika nyumba ya Kianglikana ambamo baba alikuwa mwalimu na kila kitu kilifanywa kwa kengele. Nilipopangiwa kazi Newala, mama alinipa blanketi na ndoo. Blanketi kwa ajili ya baridi ya huko juu, na ndoo kwa sababu, alivyosema yeye, maji ya Newala hayajileti. Nilicheka. Wiki ya kwanza nililala nimejikunyata kama kifaranga, asubuhi nikaoga kwa vikombe viwili vya maji, na sikucheka tena.

Muuguzi aliyenipokea wadi ya wanaume aliitwa Mama Bahati. Alikuwa mfupi, msafi kupita kiasi, na sikumbuki kama aliwahi kupaza sauti, kwa sababu hakuhitaji. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa beseni, sabuni na taulo, akasema nioshe miguu ya wagonjwa wote waliomo wadini. Nilikuwa na cheti kipya ndani ya bahasha. Nilifikiri ananiadhibu kwa kosa ambalo bado sijalifanya. Nikaosha wadi nzima, nikarudi.

“Umeona nini?”

“Nimeona miguu, Sista.”

“Rudia.”

Nikarudia. Kwenye kitanda cha karibu na mlango alikuwapo mzee mmoja mwenye sukari ya siku nyingi. Safari hii nilikigeuza kisigino chake kwenye mwanga, nikakuta msumari. Umeingia wote, kimebaki kichwa tu. Nikamwuliza umeingia lini. Mzee akainama, akautazama msumari, kisha akanitazama mimi kwa mashaka, kama ni mimi niliyeuleta kwenye beseni. Ndivyo nilivyojifunza kwamba sukari huua hisia na uhai wa mguu kabla mwenye mguu hajapata habari. Chuoni nilikuwa nimelisoma hilo na kulifaulu vizuri sana.

Somo lake la pili alinipa siku hiyo hiyo, tukinywa chai. “Usimwulize mgonjwa kama ameelewa,” alisema. “Mgonjwa wa huku atakuamkia, atakushukuru, atakwambia ameelewa. Akifika nyumbani atamwuliza mkewe: hivi yule kijana alikuwa anasema nini?” Nililiandika kwenye daftari, nikalipigia mstari. Kisha nikalisahau kwa muda wa miaka kumi hivi.

Enzi hizo tulipima sukari kwa mkojo. Ulichukua dawa ya buluu kwenye kichupa cha kioo, ukadondosha matone manane ya mkojo, ukachemsha juu ya taa ya spiriti. Ukibaki buluu, heri. Ukigeuka kijani au njano, mambo yameanza. Ukiwa mwekundu kama tofali, unamwita daktari. Chumba kilinuka harufu ambayo sitaieleza, kwa kuwa mke wangu husoma ninachoandika. Leo mnachoma kidole na mashine inawapa jibu kabla mgonjwa hajamaliza kulalamika. Ni vizuri. Lakini ile taa ya spiriti ilimkalisha mgonjwa dakika kadhaa mbele yako, na katika dakika hizo alikuwa anasema mambo ambayo hakupanga kuyasema.

Kwa njia hiyo nilipata kumwelewa Mzee Hamisi. Huyu tulimwagiza ale nusu ya ugali aliozoea. Akaahidi, na kweli akatekeleza, lakini sukari yake haikushuka hata kidogo. Nilimgombeza, nikamwita mwongo, akaapa kwa Mungu kwamba anakula nusu. Siku moja dawa ikiwa inachemka alianza kunieleza taabu ya kuwa na wake wawili ambao hawapatani. Anakula nusu kwa mke mkubwa, halafu anakwenda kula nusu kwa mke mdogo, maana asipokula huko itakuwa kesi. Nilimwomba radhi. Nikamwambia ale robo. Akaniuliza kama ningekubali kwenda kuwaeleza wake zake, nikamwambia hospitali haina huduma hiyo.

Yapo pia mabibo, yale matunda ya mkorosho. Kila msimu wa korosho sukari za wagonjwa wangu zilipanda, na kila mmoja aliniambia hajagusa sukari. Hawakuwa wanadanganya. Sukari ni ile inayotoka dukani kwenye mfuko. Bibo ni kitu unachokinyonga mkononi ili upate korosho, na ukishalinyonga utalitupaje bila kulinyonya? Ukiuliza hilo, mtu anakushangaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nanyonya mabibo tangu utotoni na sikuwahi kuyahesabu kuwa chakula. Ilinichukua misimu minne kuuliza swali lililo sahihi.

Tulipofungua kliniki ya Jumatano nilikabidhiwa mimi. Nilipewa benchi tatu, mashine ya presha, kabati la kadi, na picha kubwa ya mguu ya kubandika ukutani. Mguu wenyewe ulikuwa wa rangi ya waridi, wa mtu ambaye hajawahi kukanyaga kisiki maishani mwake. Nilisimama kando ya picha hiyo kila Jumatano na fimbo mkononi, nikafundisha: tazama nyayo zako kila siku, kausha katikati ya vidole, usitembee peku, maji ya moto yapime kwa kiwiko kabla ya kuingiza mguu, ukipata kidonda usikikanyage, nenda zahanati. Mwishoni niliuliza, “Mmeelewa?” Nao waliitikia, “Tumeelewa, Dokta.” Kwetu kila avaaye nyeupe ni dokta, pamoja na yule anayeleta mkate.

Mmoja wa walioitikia alikuwa Bi Somoe wa Chilangala, mjane, mrefu, mwenye shamba lake la mikorosho na kicheko kilichokuwa kinasikika mpaka maabara. Nilimfundisha kwenye benchi pamoja na wengine, kisha peke yake. Kwenye kadi yake nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Ameelimishwa kuhusu miguu. Ameelewa. Nikaweka sahihi.

Haukupita mwaka. Alihisi mguu wa kushoto mzito, akachemsha majani, akaloweka mguu katika maji yale, na hakuhisi kwamba yanamchoma. Malengelenge yakapasuka, akayafunga kitambaa, akaendelea kupalilia. Binti yake Hadija alipomleta, niliunusa mguu kabla sijauona. Tulimpeleka hospitali kubwa, wakaukata chini ya goti.

Aliporudi kliniki kwa magongo, Hadija ndiye aliyeshika kadi. Akawa anaisoma wakati wanasubiri. Ilipofika zamu yao akaiweka mezani, akagusa mstari kwa kidole.

“Dokta, hapa umeandika mama ameelewa. Alielewa nini?”

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza basi la Masasi linaondoka saa ngapi. Ningependelea anitukane. Nilisema nakuja, nikaenda stoo, nikahesabu maboksi ya glavu ambayo yalikuwa yameshahesabiwa. Niliona aibu, na sina neno jingine la kuiita hali ile. Barua ya kutoka hospitali kubwa ilikuwa na sentensi moja mwishoni: mguu uliobaki uangaliwe sana. Nyinyi mnajua maana yake. Ukishakatwa mmoja, wa pili unakuwa kwenye foleni. Tangu siku ile, kazi nyingine nilizifanya kwa kuwa nimeajiriwa, lakini mguu wa kulia wa Bi Somoe niliuchukua kuwa wangu.

Niliporudi kutoka stoo nilivuta kiti karibu naye.

“Mama Hadija, nilipokufundisha ulisema umeelewa.”

“Nilisema.”

“Ulielewa?”

“Baba Neema,” alinijibu, maana alimjua binti yangu, “ulikuwa na watu wengi nje, na ulikuwa umechoka. Ningesema sijaelewa, ungeanza upya.”

“Na ile picha?”

“Ule mguu wa Mzungu? Nilimwonea huruma, nikafikiri ndiye anayeumwa.”

Nikamwuliza kama kuna jambo lolote katika maisha yake alilofundishwa likamkaa mpaka leo. Akasema lipo, la unyagoni. Mimi, kwa kutafuta elimu, nikamwuliza alifundishwa nini. Hadija akainuka, akatoka nje. Bi Somoe alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeingia msikitini na mbuzi.

“Baba Neema, shika adabu yako. La ndani halisemwi.”

Nikaomba radhi. Nikamwuliza kama anaruhusiwa angalau kumtaja aliyemfundisha. Akasema kungwi wake alishafariki, ila nafasi yake imeshikwa na binti yake, Bi Mwanahawa, “yule pale anayesinzia kwenye benchi lako.”

Bi Mwanahawa nilimjua. Alikuwa mgonjwa wa presha, mvutaji wa ugoro, na mtu aliyekuwa anameza vidonge Jumatano asubuhi tu ili mashine yangu ifurahi. Nilipomweleza ninachotaka, alifunga kikopo cha ugoro kwanza.

“Unataka tuwacheze unyago watu wazima? Hawa walishachezwa.”

“Nataka miguu tu, mama.”

Akafikiri. “Miguu nayo ni mwili,” akasema. “Mambo ya mwili yana mwenyewe.”

Ikabidi nimfundishe yeye kwanza, Jumatano tatu mfululizo. Aliniuliza maswali ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza. Kwa nini mguu uache kuuma kwanza, ndipo uoze? Maumivu si ndiyo mlinzi? Nikamweleza kwamba sukari inaua mishipa ya fahamu. “Basi anakufa mlinzi, ndipo mwizi anaingia,” alisema, na maneno hayo niliyatumia miaka yote iliyofuata bila kumtaja. Siku ya tatu aliniamuru nivue viatu. Nikavua. Akatazama visigino vyangu vilivyopasuka, akatazama na katikati ya vidole, ambapo sitapaeleza. “Na wewe ndiye unayefundisha?” aliuliza. Nikavaa.

Alikuwa na masharti. Chumba ambacho hakichunguliki, mkeka mpya, kioo kidogo kwa kila mwanamke ili aone unyayo wake bila kumwomba mtu, na kwamba nisije nikauliza kilichosemwa humo ndani, si kwake wala kwa mwingine. Hilo la mwisho nililikataa. Nilimwambia lazima nijue wanachofundishwa wagonjwa wangu, ndiyo kazi yangu.

“Kazi yako ni mguu,” aliuliza, “au kujua?”

Nilikwenda Masasi kununua vioo. Nilichagua vile vya duara, vyenye mgongo wa plastiki. Muuzaji alivihesabu, akaniangalia, akaniuliza nina wachumba wangapi. Nikamwambia wote wana sukari. Akanipunguzia bei kwa huruma.

Mafunzo yalifanyika stoo ya magodoro, khanga zimetundikwa dirishani. Nilisikia debe likipigwa, wimbo wa Kimakonde ambao sikuufuata, vishindo, na vicheko vya wanawake wazima ambao kwenye benchi langu walikuwa wanakaa kama wako msibani. Mganga mfawidhi akapita.

“Kuna nini humo?”

“Elimu ya afya.”

“Mbona wanacheka?”

“Sijui.”

“Anafundisha nani?”

“Si mimi.”

“Sasa wewe unafanya nini hapa?”

“Nalinda mlango.”

Alisimama kidogo, akaondoka. Alikuwa mtu mzuri, na aliogopa kuuliza zaidi.

Baada ya hapo ukaguzi wa miguu ya kinamama ukahamia stoo, kwa muuguzi mwenzangu wa kike aliyezaliwa huko huko uwandani na aliyepitia unyago mwenyewe. Alikuwa ananiletea neno moja kati ya mawili: “safi” au “njoo”. Nilianza kusikia “safi” mara nyingi mpaka nikapata wasiwasi. Lakini niliona kwa macho yangu kina mama wakija na ndala ambao zamani walikuja peku, visigino vimepakwa mafuta, na kila mmoja amefunga kitu cha duara kwenye pindo la khanga yake. Walikuwa wanakaguana barabarani. Nikikaribia walikuwa wananyamaza.

Mwaka uliofuata walikuja wakaguzi wawili na dodoso. Sehemu ya miguu ilimtaka mgonjwa ataje mambo matano anayofanya kila siku. Wakamwanzia Bi Somoe.

“Mama, umefundishwa nini kuhusu miguu?”

“Hakuna.”

“Hakuna kabisa?”

“Kabisa.”

Kioo kilikuwa kimevimba kwenye pindo lake. Wakaenda kwa wa pili, naye akatazama chini. Wa tatu akasema labda wamwulize Dokta. Bi Mwanahawa, alipofikiwa, aliuliza, “Miguu? Miguu gani?” Mimi nilisimama kando ya picha ya mguu wa waridi, jasho linanitoka, kwa kuwa hata mimi sikujua walichofundishwa. Taarifa ilisema elimu ya miguu haijatolewa katika kliniki hii, na kwamba muuguzi anapendwa na wagonjwa lakini hafundishi. Nilipewa barua. Niliagizwa kurudia mafunzo kwa kutumia picha. Nikarudia. Nikauliza, “Mmeelewa?” Wakaitikia kwa sauti moja, na ukaguzi uliofuata ulikwenda vizuri.

Nilimlalamikia Bi Somoe. Nilimwambia wangeniokoa kwa neno moja tu.

“Baba Neema,” alisema, “si wewe uliyetaka tushike?”

Halafu ukaja msimu wa korosho, na Bi Somoe hakufika. Jumatano ya kwanza niliandika kwenye kadi: Hakuhudhuria. Ya pili nikaandika tena, kalamu ikakwama. Katika kazi yetu mgonjwa wa mguu mmoja asipokuja mara mbili, mtu huanza kutafuta fomu ya rufaa. Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nikachukua bodaboda mpaka Chilangala. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kugomba. Nilikuwa nimeandaa maneno makali kuhusu watu wanaothamini korosho kuliko mwili. Chini ya maneno hayo nilikuwa naogopa ile harufu.

Nilimkuta barazani, amekaa juu ya mkeka, mguu wa kulia juu ya mto, khanga imefunika. Hadija na majirani walikuwa wanachambua korosho. Nilimwamkia, akaitikia vizuri tu. Nikavuta pumzi kwa pua. Sikusikia kitu zaidi ya korosho. Nikamwomba anionyeshe mguu.

“Huoni watu?”

“Basi twende ndani.”

“Ndani na nani?” aliuliza, na majirani wakacheka.

Ikabidi Bi Mwanahawa aitwe. Nyumba yake haikuwa mbali, lakini alikuja kwa mwendo wake. Wakaingia ndani wao wawili, wakakaa muda mrefu. Nilinywa chai isiyo na sukari, amri niliyoitoa mwenyewe katika nyumba hiyo. Mwishowe Bi Mwanahawa akatoka.

“Mguu upo.”

“Upo vipi?”

“Upo.”

“Bi Mwanahawa, nimetoka Newala mama yangu.”

“Nimekuona. Mguu upo.”

“Sasa kama upo, kwa nini hakuja kliniki?”

“Angekujaje? Mguu wenye jeraha haukanyagwi mpaka—”

Akajiziba mdomo. Hadija aliangusha ungo, korosho zikatawanyika baraza zima. Bi Somoe akaita kutoka ndani kuuliza kulikoni, Hadija akaanza kuokota korosho. Baadaye nilisikia kwamba Bi Mwanahawa alijitoza faini ya kuku, na kuku huyo wakamla wao wenyewe. Nusu sentensi hiyo ndiyo yote niliyopata kuijua katika mafunzo ya stoo ya magodoro, na nimeilipia kwa barua ya onyo.

Mengine nilielezwa na Hadija, kwa kuwa hayakuwa siri. Kisiki kilimchoma mama shambani, kilipenya ndala. Hakuhisi kitu. Jioni ile, kama jioni zote, alitoa kioo, akaona tundu dogo kama punje ya mtama. Akamtuma Hadija amwite mhudumu wa zahanati, akasafishwa, akafungwa, akapewa dawa, na tangu siku hiyo mguu haujagusa ardhi. Korosho zilimwangukia shambani yeye akiwa amekaa. Wala hakuja kwangu, kwa sababu kuja kwangu kungemlazimu aukanyage. Hakuhudhuria kliniki kwa kuwa alikuwa ameelewa.

Yale maneno makali sikuyatumia. Nilitoa kadi, nikakata neno “hakuhudhuria” mahali pote pawili. Sikujua niandike nini badala yake, nikaacha hivyo. Njiani nilimwambia dereva wa bodaboda asimame, nikaingia mikoroshoni kama mtu aliyebanwa na haja, nikalia. Nilifurahi mpaka nikaumwa kifua. Dereva aliponiona narudi aliniuliza kama nina tumbo, nikasema ndiyo.

Mtaniuliza kuhusu wanaume. Kwa ajili yao nilimwendea mzee wa jandoni, nikamweleza habari za Bi Mwanahawa na mafanikio yake. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema jando ni la mara moja, kilichokatwa kimekatwa. Kwa hiyo wanaume bado wanafundishwa kwa picha, na bado wanaelewa, na bado tunawapeleka hospitali kubwa. Hilo nimelishindwa, nawaachieni. Msiwaulize kama wameelewa. Tafuteni mlango wao ulipo.

Bi Somoe aliishi miaka mingi kwa mguu ule. Alizika wadogo zake wawili, aliozesha wajukuu, na alinicheka kila Jumatano. Alifariki miaka miwili kabla sijastaafu, kwa homa ya mapafu iliyomchukua kwa siku nne, nyumbani kwake. Nilikwenda Chilangala kuzika. Nilikaa na wanaume kwenye mikeka, kofia mkononi, nikisubiri maiti itoke. Kina mama walikuwa ndani wanaosha.

Bi Mwanahawa akatoka. Alikuwa amezeeka sana, anatembelea mkongojo, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Akapita katikati ya wanaume, jambo ambalo halifanywi, akasimama mbele yangu. Nikainuka.

“Baba Neema.”

“Naam, mama.”

“Mwosha maiti hasemi alichokiona. Ila likiwa jema, ana ruhusa.”

“Ndiyo, mama.”

“Mguu wa kulia nimeuosha mimi. Kisigino, unyayo, katikati ya vidole, kimoja kimoja. Hauna hata mkwaruzo.”

Akageuka, akarudi ndani. Wanaume waliokuwa karibu walitazama pembeni, kila mmoja akijifanya hakusikia. Nilibaki nimesimama, na mtu mmoja akavuta kanzu ya jirani yake kwa makosa akidhani ni yangu, akitaka nikae. Nilikuwa nimevaa suruali.

Kesho yake nilifungua kabati, nikatoa kadi ya Bi Somoe. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa bado unasomeka: Ameelimishwa kuhusu miguu. Ameelewa. Nikaenda mpaka mwisho wa kadi, pale ambapo tunatakiwa kuandika amefariki na tarehe. Niliandika hayo. Kisha chini yake nikaongeza: Nilichoandika mwanzo sikuwa nakijua. Alichofundishwa baadaye sikijui mpaka leo. Mguu wa kulia umezikwa mzima. Nikaweka sahihi ile ile.

Kadi hiyo iko kabati la pili, droo ya chini, upande wa ukutani. Nasikia mnataka kuhamisha majalada kwenda kwenye kompyuta na kuchoma makaratasi ya marehemu. Hiyo moja naomba msiichome.